Sabuni ya Wubit

Mgeni alibisha hodi wakati Zenebu amemlaza kaka yake chali na anamkamulia majani ya damakase puani.

"Tulia, baba," Zenebu alikuwa akisema. "Michi haimtoki mtu anayejigeuzageuza."

Merigeta Lakew, kiongozi wa waimbaji wa kanisa la Mikaeli, alipiga chafya, akakohoa, akajishika ubavu wa kushoto. Kwa watu wa Gojjam, michi ni pigo la jua. Ukitoka nje mchana huku mikono inanuka kitunguu, au umetoka kuoga ukiwa bado unanukia, jua linakufuata. Likishuka kifuani, ndiyo nimonia. Mwaka ule lilikuwa limemshukia Lakew tena na tena. Analazwa hospitali ya mji, anachomwa sindano, anarudi nyumbani akitembea mwenyewe, na kabla jirani hawajamaliza kumpa pole, homa imerudi.

"Na atapona vipi," Zenebu aliendelea, sasa kwa sauti ya kumfikia aliye jikoni, "kama nguo zake zinafuliwa kwa sabuni inayonukia mpaka kwa jirani? Wifi yangu anamvalisha mume maua halafu anamtoa juani. Jua nalo lina pua!"

Wubit, mke wa Lakew, alikuwa akikaanga kahawa. Alizidi kukoroga buni kikaangoni. Maneno haya alikuwa ameyazoea kama alivyouzoea moshi wa jiko.

"Hodi wenyewe."

Mlangoni alisimama msichana mwembamba mwenye viatu vya vumbi, begani amening'iniza mfuko mkubwa bapa. Zenebu akamtazama toka juu mpaka chini.

"Karibu. Unauza mabati?"

"Hapana, mama," mgeni akacheka. "Naitwa Fikirte. Ni daktari wa hospitali ya mjini. Nakwenda kumwona mama yangu kijiji cha pili, nikaona nisipite bila kumwona Merigeta."

"Daktari anamfuata mgonjwa nyumbani? Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama."

Wubit alimwekea kigoda. Daktari hakukaa. Alitoa kwenye mfuko picha za eksirei, zile nyeusi za kifua, akaziinua moja baada ya nyingine kwenye mwanga wa mlango.

"Nimehamishiwa wodi yenu juzi tu," alimwambia Lakew. "Hizi nimezikuta kabatini, ulisahau kuzichukua. Hii ulipigwa kabla ya Pasaka. Hii wakati wa mvua. Hii baada ya Meskeli, sikukuu ya Msalaba. Kila ulipolazwa, daktari wa zamu alikuwa mwingine. Kila mmoja aliona picha yake, akaona nimonia, akatibu nimonia, nawe ukapata nafuu. Sisemi walikosea. Ila hakuna aliyezitazama pamoja."

Lakew akajiinua kwa kiwiko. Hata yeye, asiyejua kusoma picha, aliliona. Doa jeupe, juu kushoto. Picha zote, mahali pale pale.

"Michi imepapenda hapo," akasema Zenebu.

"Kama ni jua, mama, mbona nyumba ina vyumba vingi nalo linapiga chumba kimoja tu?"

"Kwa sababu chumba hicho ndicho kinachonukia sabuni!"

Daktari akatabasamu, lakini macho yake hayakumwacha Lakew. "Naogopa kuna kitu kinaziba njia ya hewa. Mfereji ukiziba, maji yaliyo nyuma yanaoza. Sisi tunayatia dawa, yanatulia, halafu yanaoza upya kwa sababu kizibo bado kipo. Kifua kikuu tumeshapima, hakipo. Umekonda. Na sauti yako imekwaruza hivi tangu lini?"

Swali hilo lilimchoma. Sauti ya Lakew ilikuwa ikijulikana ng'ambo ya bonde. Siku za sikukuu watu wa vijiji vingine walikuja kanisa la Mikaeli kwa ajili yake, na mama wajawazito walisema watoto hucheza tumboni akiimba. Sasa ilikuwa kama mlango wenye bawaba mbovu.

"Tangu mvua," alisema.

"Nina swali ambalo namuuliza kila mtu, usinielewe vibaya. Umewahi kuvuta sigara?"

Zenebu aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "We binti! Unajua unayesema naye? Huyu anashika fimbo ya sala mbele ya madhabahu! Huku kwetu tumbaku ni ya walevi na madereva. Mkiulizana mambo hayo huko mjini, hapa usituletee!"

"Sijawahi," alisema Lakew.

Jikoni kukasikika harufu ya kuungua. Wubit, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiunguza kahawa, alikuwa ameshika kikaango akitazama ukuta.

Fikirte alizishusha picha. "Jibu lako lina kazi, Merigeta. Kipimo kikubwa cha kifua kiko Bahir Dar, na foleni yake ni ndefu. Mimi ndiye ninayesema nani aende kwanza. Mtu aliyevuta miaka mingi, akawa na picha kama hizi, simwachi asubiri."

"Nimesema sijawahi."

"Umesikia mwenyewe," Zenebu akamwambia daktari. "Basi imebaki sabuni."

"Wifi, sabuni haijaua mtu," Wubit alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini wote waligeuka, kwa vile si kawaida yake.

"Bado haijaua! Nami nikwambie kabisa, maana nilikuwa natafuta pa kuanzia. Wanawake wa chama wamekaa wakasema. Zamu yako ya karamu ya Mikaeli, mkate utaokwa kwangu. Hawataki kula cha mkono unaomlaza mume kitandani. Si mimi, ni wao."

Kila mwezi, siku ya Mikaeli, wana chama hukutana nyumbani kwa mmoja wao kwa zamu, hula mkate na kunywa pombe ya shayiri kutoka kombe moja. Kunyimwa kuoka mkate wa zamu yako ni kuambiwa usimame nje ya nyumba yako mwenyewe. Wubit alikiweka kikaango chini taratibu.

Lakew alitaka tu kelele ziishe, na mgeni aondoke na macho yake. "Basi!" alifoka, kikohozi kikamkata, akangoja kipite. "Daktari akikuta jambo jingine, lisiwe sabuni, nitasimama mbele ya chama cha Mikaeli niseme kwa kinywa changu kwamba mke wangu hana kosa. Mmeridhika?"

"Umeahidi," Wubit alisema.

"Nimeahidi."

Aliitoa ahadi hiyo kama mtu anayewatupia kuku punje ili waondoke mlangoni. Daktari alirudisha picha kwenye mfuko, akasema atamngoja Jumatatu, akaenda zake bila kunywa kahawa, maana ilikuwa imeungua.

*

Lakew alianza kuvuta jeshini, enzi za vita vya kaskazini, alipokamatwa akiwa mwanafunzi wa kanisa mwenye zaburi mkobani, akapelekwa kwenye mahandaki. Mwenzake mmoja aliona mikono yake inavyotetemeka, akamwashia sigara. Mikono ikatulia. Mwenzake yule hakurudi. Lakew alirudi, akaacha bunduki, akaacha matusi ya kambini, akarudi kwenye zaburi na nyimbo mpaka akawa Merigeta. Sigara peke yake haikumwacha.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mikaratusi na ukuta wa mawe. Hapo ndipo alipokuwa akivutia, amechutama kama mtoto aliyeiba sukari. Kisha hutafuna majani, hujifunika gabi lake, lile shuka zito jeupe la pamba, na kwenda kusimama karibu na chetezo kanisani. Ubani ulimfunika. Miaka yote hiyo alimshukuru Mungu kwa ubani, na kila aliposhukuru aliona aibu, na aibu ilipozidi alirudi nyuma ya ukuta.

Siku ya pili baada ya mgeni, alikwenda tena. Hakufika nusu ya sigara. Kikohozi kilimwinamisha, akatemea majani makavu, akaona damu. Alifunika kwa udongo kwa ncha ya kiatu. Alipoinua macho, kwenye pengo la ukuta alimwona Wubit uani, amekaa mbele ya beseni.

Alikuwa anafua. Alilichukua gabi la Lakew, akalileta usoni, akanusa pale linapogusa shingo, akafumba macho. Halafu akatoa ile sabuni ya kunukia kwenye karatasi yake, akasugua panapokaa shingoni, panapokaa kifuani, na pindo la upande wa mkono wa kulia. Hapo tu. Sehemu nyingine zote alizifua kwa kipande cha sabuni ya mche, ya kawaida, ile aliyofulia nguo zake mwenyewe. Alipomaliza kukamua, alilitandaza juani, akatafuta kitu kwa kidole mpaka akakipata, akachomoa sindano kwenye nywele zake. Kilikuwa kitundu kidogo cha mviringo, cha kuungua. Alikiziba kwa uzi mweupe, akaukata kwa meno, akapapasa mahali pale mpaka pakalala sawa na pengine.

Lakew hakuweza kutoka nyuma ya ukuta. Alijiona kama mwizi ambaye miaka yote amekuwa akiingia kwa kunyata, na leo amegundua kwamba mwenye nyumba humwachia mlango wazi na kumfutia nyayo asubuhi. Na huyo ndiye waliyemnyima mkate.

Jioni walikula mchuzi wa shiro kwa injera, kila mmoja akichovya upande wake. Mara kadhaa Lakew alifungua kinywa. Mara zote alikitumia kutia tonge.

*

Jumatatu, chumba cha daktari kilikuwa na viti viwili na dirisha lililovunjika kioo. Fikirte alimsikiliza kifua, akatazama vidole vyake vilivyovimba nchani, akakaa.

"Merigeta, nitauliza tena lile swali. Hapa hakuna dada yako."

Lakew alimtazama Wubit. "Tupishe kidogo," alimwambia.

Wubit akainuka, akakusanya shuka lake. Alikuwa ameshika kitasa Lakew aliposema, "Hapana. Keti, Wubit."

Akaketi.

"Nilivuta," Lakew alisema akitazama sakafu. "Tangu jeshini. Juzi pia nilivuta. Nikatema damu, nikaifukia."

Alingoja radi. Fikirte aliandika kitu, akainua uso wenye upole tu. "Asante. Sasa najua pa kuanzia. Kesho asubuhi unakwenda Bahir Dar."

Nje, chini ya kivuli cha kibaraza ambapo wagonjwa walikuwa wamejilaza na vyakula vyao, Lakew aliuliza, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwaka wa harusi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mwenye maneno ni wewe. Nilikuwa nangoja uniambie."

"Na Zenebu alivyokuwa anakutukana! Ungemjibu mara moja tu, angenyamaza."

Wubit alifunga vizuri pindo la shuka lake. "Wakikucheka wewe, wanalicheka kanisa. Wakinicheka mimi, wananicheka mimi tu. Nikaona hiyo ni nafuu."

Lakew aligeukia ukuta. Mzee mmoja aliyekuwa akimenya chungwa karibu yao alidhani analia kwa maumivu, akampa kipande.

Majibu ya Bahir Dar yalikuja na jina la ugonjwa: saratani ya mapafu. Fikirte hakulificha wala hakulizungukia. Uvimbe ulikuwa umekaa juu ya pafu la kushoto, umebana njia ya hewa, na umegusa mshipa unaoipa sauti nguvu. "Nimonia zako zote zilikuwa za kweli," alisema. "Tulitibu za kweli. Lakini aliyekuwa akiziita zirudi ni huyu, naye alikuwa amejificha nyuma yao."

"Nitakufa?"

"Kisu sidhani kama kitafaa. Kuna dripu na kuna mionzi, Addis Ababa. Haujafika kwenye ini wala mifupa, na hilo ni jambo kubwa. Siwezi kuahidi utapona, Merigeta. Naahidi utakuta kitanda, nimeshazungumza nao. Ungenificha mpaka mwezi ujao, nisingeweza kusema hata hayo."

Safari ikapangwa. Siku moja kabla yake, kwa kalenda ya kanisa, ilikuwa siku ya Mikaeli.

*

"Usiseme yote," Wubit alimwambia asubuhi hiyo, akimfunga gabi begani. "Sema daktari amekuta uvimbe. Hiyo inatosha, ahadi imetimia. Fimbo yako usiipoteze. Utakwenda Addis ukiwa Merigeta, na watu watakuombea kama Merigeta."

Alimaanisha. Lakew alitamani sana maneno yale yamtoshe.

Wana chama walijaa sebuleni kwake, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na mkate mkubwa uliookwa kwa Zenebu ukiwa katikati juu ya majani. Wubit aligawa pombe tu. Mwanamke mmoja aliyepokea kikombe alikifuta ukingo kwanza kwa upindo wa nguo, na Wubit akajifanya hakuona. Aba Melaku, kasisi wao, alibariki, akashika lile kombe la pamoja. Kabla halijaanza kuzunguka aliuliza kama desturi ilivyo: nani ana neno na mwenzake, aliseme, tusinywe juu yake.

Lakew akasimama, akijiegemeza kwenye fimbo ya sala.

"Nina neno. Niliahidi mbele ya dada yangu. Nimepimwa. Si michi. Ni uvimbe, uko kwenye pafu. Kesho nakwenda Addis."

Sebule nzima ikashusha pumzi. Pole zikamiminika. Aba Melaku alifanya ishara ya msalaba. Lakew alianza kuketi kwa furaha ya aibu. Limekwisha, na fimbo bado iko mkononi.

"Ee Mikaeli!" Zenebu alilia. "Niliwaambia! Michi ikikaa ndani bila kutolewa inafanya donge! Mama si alikufa na donge hivyo hivyo? Sabuni, jua, sabuni, jua, mwaka mzima. Lingekosaje kuota?"

"Hata mimi nilisema," akadakia aliyefuta kikombe.

"Mtu huonywa," akasema mwingine, "lakini masikio yana pamba."

Wubit alikuwa amesimama na jagi mlangoni mwa jikoni. Hakumtazama mumewe. Alitazama chini, kama mtu ambaye amejua tangu zamani kwamba itakuwa hivi, akageuka kwenda kuongeza pombe.

"Wubit, usiende," alisema Lakew.

Hakuketi tena. Aliona nyuso zote alizozifundisha kuimba, watoto wa jana wenye ndevu leo, waliokuwa wakimbusu goti wakikutana naye njiani. Aliona jinsi watakavyomtazama baada ya pumzi moja. Mikono ilimtetemeka kama siku zile za handaki, na hapakuwa na wa kumwashia chochote.

"Navuta sigara," alisema. "Tangu jeshini mpaka majuzi. Pale, nyuma ya ukuta wangu. Nikitoka hapo nilikuwa nakuja kuwaongoza katika sala. Daktari amesema huko ndiko ugonjwa huu ulikotoka."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka. Mzee mmoja aliweka kikombe chake chini kana kwamba kimekuwa kichafu. Zenebu alikuwa ameshika mdomo wake kwa mikono yote miwili.

"Kaka, una homa," alinong'ona. "Keti. Homa inamsema, jamani."

"Sina homa, dada. Ile sabuni mnayoisema, alinifulia nayo shingoni na kifuani tu, ili ninyi msinuse. Alibeba harufu yangu miaka yote, nanyi mkamnyima mkate kwa ajili yake. Nami nilikuwepo. Nilisikia, nikala, nikanyamaza."

Aba Melaku alikohoa kidogo. Alikuwa rafiki yake tangu zamani, na ilionekana kwamba swali lilimuuma kuliuliza. "Lakew. Unajua ukishasema hivi..."

Hakumwita Merigeta.

"Najua, Aba."

Akavuka sebule, akaiegemeza fimbo ukutani karibu na msaidizi wake wa kuimba, ambaye hakuthubutu kuigusa. Bila fimbo alijihisi mwepesi na mfupi. Akarudi, akasimama kando ya Wubit, akaelekea upande wa wanawake.

"Niliahidi kusema kwa kinywa changu," alisema. "Mke wangu hana kosa."

Lakini ile sauti iliyokuwa ikivuka bonde ilimkatikia katikati, na kwenye kona, karibu na mkate, bibi kizee mmoja mwenye masikio mazito aliinama kwa jirani yake. "Kasemaje?"

Jirani hakumjibu. Alikuwa ametazama chini.

Basi Lakew akavuta pumzi, ubavu wa kushoto ukamchoma, akatembea hatua chache mpaka kwenye kona ile, akachuchumaa mbele ya yule bibi kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, akalisema tena, polepole, mpaka bibi akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia.